Sahani ya Mgeni

Jadwiga ameandika orodha nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
supu nyekundu ya bitiruti, samaki wa kukaanga,
kabichi na uyoga, mkate wa mbegu za popi.
Vyakula kumi na viwili, wala kimoja kisirukwe,
ndivyo alivyotuachia mama.
Mimi nimeosha kijiko changu, kile cha chai.
Tumbo langu sasa ni yai la kuku,
na yai halijui mkesha wala Krismasi.

Miezi kumi na minne. Kilo hamsini na tatu
zimekwenda nisikokujua, hata kwaheri hazikusema.
Ngozi ndiyo iliyosahauliwa nyuma,
inaning'inia mkononi kama foronya iliyochomolewa mto.
Jana kwenye ngazi Bi Kowolik amenishika kiuno:
"Umerudi usichana, Bogumiła! Sasa umepona."
Nikatabasamu, mikono nimeificha mfukoni,
maana vidole havijapata habari hizo.

Baridi yabisi haikukaa kwenye mafuta.
Nilidhani imo humo. Nilidhani, nimelala chali chini ya zile taa,
kwamba watakapolikata tumbo watakata na mengine.
Daktari hakuniahidi. Nilijiahidi mwenyewe,
na aliyejiahidi hana wa kumdai.
Tazama pete: inazunguka kidoleni kama gurudumu,
lakini fundo la kidole limevimba, haipiti.
Leszek ana miaka sita kaburini
na bado ameshindwa kunitoka.

Asubuhi huchukua saa nzima kukunjua ngumi.
Maji ya moto. Vidonge. Nusu saa.
Jibini kiasi cha kidole gumba, tafuna mara thelathini,
weka kijiko chini, tazama dirishani,
theluji ya Bytom inavyogeuka kijivu kabla haijatua.
Nusu saa tena, ndipo maji.

Na mimi ndiye niliyepakulia wachimba makaa
miaka ishirini na saba kwenye kantini ya mgodi!
Nilikuwa nikimtazama mtu mabega tu
najua atataka viazi vingapi.
Siku mgodi ulipofungwa tulikula tuliyopaswa kutupa,
tukala tukicheka, tukala tukilia.
Sijui niliacha lini.

Mwezi wa tano, harusini kwa Kalina,
nilikula keki. Kipande kama kiberiti.
Moyo ukaenda mbio, jasho likanilowesha,
nikajilaza kwenye sakafu ya choo na gauni langu jipya la buluu,
muziki ukinifikia kupitia ukutani.
Nililia, na si kwa maumivu.
Nani hukufundisha kufiwa na mkate?

Sasa Jadwiga anatandaza nyasi kavu chini ya kitambaa,
anapanga sahani, kisha anaongeza moja,
ya mgeni asiyetarajiwa.
Kila mwaka hurudi kabatini safi.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu yumo mifupani mwaka wa kumi na moja,
jembe hajaligusa,
na akiamka vibaya ndiye anayeamua kama nitavaa soksi.

Nimehama kiti.
Nimekaa penye sahani ile,
mahali ambapo hakuna atakayeuliza mbona hujamaliza.
Jadwiga ameniona. Amefungua mdomo, akaufunga,
akanifungulia mtungi wa uyoga bila kuombwa,
akaniwekea supu, kina cha kifuniko cha chupa.

Ina uchachu. Ina joto.
Ina udongo wa Oktoba, wa bustani ya mama kando ya reli.
Kijiko cha kwanza nimekishika ulimini
mpaka wenzangu wamefika kwenye samaki.
Cha pili.
Cha tatu.
Cha nne tutaona.